Mjadala: PLC afundishwe nani kwanza, kijana wa chuo au fundi aliye kiwandani?

Mleta mada, fundi umeme, Mbeya

Wakuu habari za jioni. Kila tukiongelea viwanda vya Nyanda za Juu Kusini, wimbo ni uleule: vijana wapelekwe chuo wakasome PLC. Mimi nasema tumeanzia siko. Wa kwanza kufundishwa awe fundi ambaye tayari yuko kiwandani, yule wa darasa la saba au kidato cha nne aliyekaa miaka 15 kwenye vumbi la chai. Na afundishwe kwa Kiswahili, palepale kwenye mashine yake.

Kwa asiyeijua, PLC ni kile kikompyuta kigumu kinachokaa ndani ya paneli. Kinasoma swichi na sensa, kinapitia maagizo kiliyoandikiwa, kinawasha au kuzima kontakta (swichi kubwa ya umeme), mota na vali, halafu kinarudia tangu mwanzo. Mzunguko mmoja ni milisekunde chache tu. Mara nyingi kila waya wa ishara unaoingia una kitaa chake usoni mwa PLC. Sensa ikiona kitu, kitaa kinawaka. Shikeni hicho kitaa, maana ndicho kisa chenyewe.

Miaka ile nilikuwa kibarua wa paneli kwenye kiwanda kimoja cha chai kule Mufindi, jina naliacha. Saa tatu usiku konveya inayolisha draya (kikausha chai) ikasimama. Mota nzima, overlodi (kinga ya mota) haijaruka, fyuzi ziko sawa. Meneja akapiga simu Dar, mtaalamu akapanda basi la alfajiri, akaingia jioni. Muda wote huo majani mabichi hayamsubiri mtu: yanapata joto, yanageuka rangi, na lori za mashambani zinaendelea kuleta mengine. Mtaalamu akafungua paneli, akatazama vitaa kama dakika mbili, akaenda kwenye konveya, akatoa leso mfukoni na kufuta kioo cha sensa ya mwanga. Vumbi la chai. Konveya ikaondoka.

Sasa kilichoniuma. Fundi wetu wa zamu, mzee wa pale, aliniambia kwa sauti ya chini: "Hicho kitaa cha tano huwa kinawaka-waka. Tangu jana kimezima. Nilikiona." Alikiona! Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kitaa ni sensa inaongea, na yeye hakuthubutu kumwambia meneja kitu ambacho hana jina lake. Huyo mtu alihitaji somo la jioni mbili. Wala hakuhitaji diploma.

Karibuni mnipinge.

Mwalimu wa warsha, Iringa

Kamwene, ndugu. Napinga, na nina sababu.

Kisa chako ni kizuri lakini ni cha kitaa kimoja. PLC si vitaa tu. Kuna kusoma mchoro wa umeme, kuna kujua volti 24 inatoka wapi na kwa nini haichanganywi na 400 ya mota, kuna taima (ya kuhesabu muda), kaunta (ya kuhesabu vitu), ishara za kupima. Muulize huyo mzee wako kwa nini ishara ya kipimajoto huanzia miliampea 4 (kipimo cha mkondo mdogo wa umeme) kwenda 20, na si 0. Akikujibu nitanyamaza.

La pili ni umri. Kijana wa miaka 20 ukimfundisha leo anafanya kazi miaka 35 au 40. Mzee wa miaka 52 amebakiza michache kabla ya kustaafu. Hela ya umma iende wapi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 iwape watu ujuzi, na vijana ndio waliojaa mlangoni.

Nikiri jambo moja kabla hamjanisema. Vifaa ni vichache. Mimi mwenyewe somo hili nililianza kwa kuchora PLC ubaoni kwa chaki. Nilichora vizuri, hata vitaa niliweka rangi. Lakini dawa yake ni kununua vifaa, si kumwacha kijana.

Mpita njia

Mnajadili PLC huku saa mbili usiku hapa kwetu tunakula kwa mshumaa. Haya endeleeni.

Afisa rasilimali watu, Njombe

Mimi niko upande wa ofisi, kwa hiyo nitasema yasiyopendeza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia fulani ya mishahara yote. Tunalipa kila mwezi. Kisha mnatuambia tena tumtoe fundi kwenye zamu, tumlipe mshahara, tumlipie na kozi. Mara ngapi?

Na tukimfundisha, anaondoka. Chunya pale kuna mitambo ya kuchenjua dhahabu, nayo ina mapampu na paneli zinazotaka watu wa aina hiyohiyo. Mwaka juzi tulimpeleka mmoja kozi Dar, wiki mbili. Alirudi na cheti, akakaa miezi minne, akaniletea barua ya kuacha kazi iliyoandikwa vizuri kuliko barua zote nilizowahi kupokea. Sikumlaumu. Ila bajeti ya mafunzo iliishia hapo.

Kijana, Mwanjelwa

Wakubwa shikamooni. Mimi ndiye kijana mnayemgombania, naomba niseme.

Nina cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu, umeme. PLC nilijifundisha mwenyewe kwenye laptopu ya kuazima, maana CODESYS, programu ya kuandikia PLC, ukiipakua ni bure na ina sehemu ya kujaribia bila kuwa na kifaa chochote. OpenPLC nayo bure. Naweza kuandika programu ya taa za barabarani, ya tangi la maji, ya lifti ya ghorofa nne. Nikaitwa usaili kiwanda kimoja, wakanipeleka kwenye paneli halisi, wakaniambia: mota hii haiwaki, tafuta. Nilisimama. Paneli ya kweli ina waya kama mia mbili, nusu hazina lebo, kuna buibui ndani, na mtu nyuma yako anaangalia saa. Laptopuni hakuna buibui. Alinitoa aibu kibarua mmoja wa pale, alinionyesha kwa kidole pa kuanzia kupima.

Kwa hiyo mwalimu ana haki na mleta mada ana haki. Swali langu ni hili: kwa nini yule kibarua na mimi tusifundishwe kwenye benchi moja? Yeye ananipa buibui, mimi nampa laptopu.

Mleta mada

Mwalimu, kuhusu miliampea 4. Nilimuuliza swali hilohilo fundi mmoja wa boila hapa Mbeya, bila kumpa jibu. Nilimwambia tu kwamba kipimo kikiwa chini kabisa bado kinatuma 4. Akafikiri, akasema: "Ni kama mlinzi anayepiga filimbi kila saa hata kama hakuna mwizi. Akinyamaza ndipo uamke." Ndiyo jibu, mwalimu. Waya ukikatika inakuwa 0, na 0 si baridi, 0 ni hitilafu. Sasa nyamaza kama ulivyoahidi (natania, endelea).

Kinachowashinda hawa watu mara nyingi si akili. Ni lugha. Nitoe mfano niliokutana nao kwa macho yangu. Vitabu vinasema swichi ikiwa "imefungwa" umeme unapita, ikiwa "imefunguliwa" haupiti. Mwambie hivyo mtu anayezungumza Kiswahili tangu azaliwe! Koki ikifungwa, maji hayapiti. Mlango ukifungwa, mtu hapiti. Barabara ikifungwa, gari halipiti. Wewe unamwambia swichi ikifungwa, umeme ndiyo unapita. Nilikuwa na mafundi sita kibarazani, wote sita walijibu kinyume, na wote sita ni watu wanaofunga mota za farasi 50 bila kushika karatasi. Nikabadili maneno: mguso "umeshikana" au "umeachana". Dakika kumi baadaye wote walikuwa sawa.

Na hapo ndipo nilipoweza kuwaeleza kitufe cha dharura. Mguso wake umeshikana muda wote. Ukikibonyeza unaachana, mashine inasimama. Lakini hata panya akitafuna waya, nao ni kuachana, mashine inasimama vilevile. Mmoja akapiga paja: "Kumbe ndiyo maana ile ya kwetu inasimama yenyewe mvua ikinyesha!" Kesho yake alikuta kisanduku cha kitufe kimejaa maji, waya umeliwa na kutu.

Na kuhusu cheti: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokijua hata kama hukukaa darasani. Kwa hiyo njia ipo. Tunachokosa ni kipengele cha PLC kilichoandikwa kwa lugha anayoiota usiku.

Mtu wa usalama kazini, Songwe

Nimesoma kimya, sasa nimeogopa.

Mnajua "kufosi" ni nini? Kwa wasiojua: ukiwa na laptopu umeunganisha kwenye PLC, unaweza kuilazimisha iamini kwamba sensa imeona kitu hata kama haijaona. Ni kifaa cha kutafutia hitilafu. Kwenye mashine moja ya kukata mbao (sitataja wapi), fundi aliyefundishwa nusu alifosi swichi ya mlango wa kinga ili apime mota huku mlango ukiwa wazi. Alipomaliza akachomoa waya wake, akaenda kunywa chai. Hakuondoa ile fosi. Asubuhi mhudumu wa mashine akafungua mlango kama anavyofungua siku zote, akijua mashine itasimama. Haikusimama. Aliponea kwa glavu: blade ilichukua glavu, vidole vikabaki.

Huyo hakuwa mjinga. Alifundishwa jioni mbili, kama unavyotaka wewe. Alifundishwa kifaa, hakufundishwa kuogopa. Halafu kosa lilikuwa kubwa zaidi ya lake: swichi ya mlango haikutakiwa kutegemea PLC ya kawaida peke yake, ilitakiwa ikate umeme kwa njia yake ya usalama. Nani angemwambia?

Mwalimu wa warsha, Iringa

Haya. Ndiyo nilichokuwa nakisema, ila mtu wa Songwe amekisema kwa glavu.

Mstaafu, Mufindi

Wanangu, mnaiongelea PLC kama imeshuka jana. Ya kwanza ilibuniwa Marekani mwaka 1968, na kundi la akina Dick Morley. General Motors walikuwa wamechoka kubadilisha makabati ya rilei (swichi zinazovutwa na umeme) kila wanapobadili aina ya gari. Ikaitwa Modicon. Na ile lugha ya kuichorea, lada, waliifananisha na mchoro wa rilei kwa makusudi, ili fundi umeme wa kiwandani aisome bila kurudi shule. Rudieni sentensi hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu huyu tunayebishana kama anaiweza. Kiwango cha kimataifa cha lugha hizo, IEC 61131-3, kilikuja mwaka 1993, na lada imo.

Mimi nimefanya kazi kwenye makabati ya rilei. Ukifungua mlango unasikia yanaongea, ta-ta-ta, na sikio linakwambia ipi imechoka. PLC ilipokuja nilihisi nimekuwa kiziwi. Baadaye nikajua nayo inaongea, ila kwa macho.

Niongeze kisa kimoja ambacho hakuna aliyegusa. PLC nyingi za zamani zinatunza programu kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikichoka, kuna kitaa kinawaka kukuonya. Mashine moja ya kufungashia, kitaa kiliwaka tangu Pasaka. Kila zamu ilikiona. Mwezi wa nane umeme ukakatika usiku kucha, asubuhi ukarudi, mashine ikawa bati tu. Programu imepotea. Nakala? Iko kwa aliyeiuza, na aliyeiuza kampuni yake haipo tena. Wiki tano ile mashine ilifunikwa turubai.

Betri ile ukiishika inakaa kiganjani.

Afisa rasilimali watu, Njombe

Mzee, naomba unisaidie: nakala hiyo mtu anaichukuaje? Maana mashine zetu mbili zina paswedi na muuzaji anasema tusiguse.

Mstaafu, Mufindi

Mwanangu, hilo ni la mkataba wa kununua. Siku ya kulipa ndiyo siku ya kudai paswedi, programu na michoro. Ukishamaliza kulipa unakuwa ombaomba.

Mleta mada

Nimetikiswa, niseme ukweli. Kisa cha glavu kimenirudisha nyuma hatua moja, lakini hakijanitoa kwenye hoja.

Nilichanganya vitu viwili: kuisoma PLC na kuiandikia. Kuisoma ni vitaa, michoro, betri, maltimita (kipima umeme), kujua sensa gani inaingia kwenye kitaa gani, na kueleza kwenye simu kwa mtaalamu: "ya tano imezima, kontakta ya pili haivuti." Hili nasimama nalo, kila fundi wa zamu afundishwe, mwaka huu, kwa Kiswahili, bila laptopu kabisa. Kuiandikia, kufosi, kubadili taima, hapo mwalimu nakupa nafasi yako: chuo, mtihani, na somo la usalama kabla ya kugusa kebo. Na kijana wa Mwanjelwa akae katikati, benchi moja na kibarua wake.

Afisa, ukiogopa kuondokewa, hofu yako ni kwa yule wa kundi la pili. Wa kundi la kwanza ana shamba, ana watoto shuleni pale Njombe, haendi Chunya kwa sababu amejua maana ya kitaa.

Mimi nina kiubao kimoja nyumbani: PLC ndogo ya Siemens LOGO! niliyoinunua imetumika, swichi tano, taa tatu, na mota ya wipa ya gari. Jumamosi saa nane mchana kipo kibarazani kwangu, Ilemi. Mwalimu akipata basi aje, nitamwachia chaki.

Kijana, Mwanjelwa

Nipo. Nije na nini?

Mleta mada

Maltimita, na yule kibarua aliyekuonyesha kwa kidole kama unayo namba yake.

Afisa rasilimali watu, Njombe

Samahani kuwarudisha nyuma. Nimetoka kuangalia paneli yetu ya pili kwa tochi ya simu. Kuna kitaa chekundu kimeandikwa BATT. Mlinzi anasema kina muda. Hizo betri kwa hapa Njombe zinapatikana, au niagize Mbeya? Na nisizime umeme kwanza, sivyo?

Mstaafu, Mufindi

USIZIME. Nipigie picha ya ubavuni mwake, nione ni aina gani.