Mtoto wa darasa la tatu mwenye shida ya umakini na Hisabati: tuisheni, mwalimu wa nyumbani au mzazi mwenyewe?

Mama wa Mikindani
Habari za jioni ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 9. Nikimtuma dukani huhesabu chenji bila kukosea, lakini daftari lake la Hisabati limejaa mikato ya wino mwekundu. Juzi nilikaa naye akifanya 52 kutoa 38. Alichukua kumi vizuri, akapata 4 upande wa mamoja, kisha bodaboda ikapita nje akageuka kuitazama. Aliporudi kwenye daftari alikuwa amesahau kwamba amechukua, akaandika 24. Shuleni wanasema hasikilizi, na ndugu wanasema nimemdekeza. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Uwezo wangu ni wa kulipia njia moja tu: tuisheni ya jioni yenye watoto wapatao 30, au mwalimu wa kuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Au nikae naye mwenyewe?

Mwalimu, Nachingwea
Dada, hilo jibu la 24 limeeleza mengi. Mtoto asiyeelewa kutoa kwa kuchukua mara nyingi huandika 26, kwa kuwa hutoa namba ndogo katika kubwa popote anapoziona. Wako njia anaijua, ila hatua moja humponyoka kabla hajafika nyingine. Kwa mtoto wa namna hiyo, tuisheni ya watoto 30 baada ya siku nzima ya masomo ni kumwongezea maswali mahali palepale panapovuja. Ningeanza na wewe mwenyewe: dakika 15 kila siku, maswali manne tu, daftari lenye miraba ili tarakimu zikae mahali pake, na hatua zimeandikwa kwenye kipande cha boksi mbele yake. Mpe korosho azihesabu kwa mikono.

Baba, Lindi mjini
Sikatai, ila tuisheni zote si sawa. Binti yangu alisaidika katika kikundi cha watoto watano, ambamo mwalimu aliweza kumgusa bega kila alipopotea. Mwalimu wa nyumbani tulimjaribu pia. Alikuwa mwema, lakini alikuja na maswali 40 na kukaa saa mbili, na mtoto akaanza kulia kila akisikia hodi. Ukimchukua mwalimu, kubalianeni kwanza kuhusu muda na idadi ya maswali.

Muuguzi, Masasi
Mama, kabla ya kulipa popote, mpeleke akapimwe masikio na macho, na uangalie kama analala vya kutosha. Shida ya umakini haithibitishwi kwa lawama za darasani peke yake: dalili huwa zimedumu miezi sita au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Kwa Mtwara mjini unaweza kuanzia Hospitali ya Ligula na kuomba maelekezo. Dawa zipo, na daktari ndiye anayeamua kama zinahitajika. Humsaidia mtoto kutulia na kufuatilia, lakini kutoa kwa kuchukua bado atafundishwa. Wala shida hii haitokani na kudekezwa.

Mcheza bao, Mtwara
Mwalimu, korosho ghafi nisingempa mtoto. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, na mtoto asiyetulia hutia kila kitu mdomoni. Tumieni kete za bao, yaani komwe. Bao zima lina kete 64 katika mashimo 32, kwa hiyo za kujifunzia zinatosha. Sisemi bao ni tiba, ila mtoto anayesambaza kete moja moja huona alipofikia.

Mama wa Mikindani
Nawashukuru sana, hasa kwa neno lile kuhusu kudekezwa, maana nilikuwa nimeanza kuliamini. Fedha ya mwalimu nimeiweka kwanza. Jumatatu tunakwenda kupima masikio na macho. Jana kabla ya magharibi nilipanga komwe 52 kwenye vifuniko vya ndoo, kumi kumi katika vifuniko vitano na mbili pembeni. Alipomwaga kifuniko kimoja ili apate 12, alivitazama vile vinne vilivyobaki, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, kisha akaandika 14. Bodaboda zilipita mbili.