Jipu lisilokwisha juu ya makalio ya kijana: kidonda kiachwe wazi, kishonwe, au twende Mombasa?

MamaLangoni (Lamu)

Assalam aleykum. Nina kijana wa miaka 15, yuko sekondari. Mwaka jana alitokwa na jipu penye kifandugu, pale mfereji wa makalio unapoanzia. Likapasuliwa, usaha ukatoka, akapona. Halikukaa likarudi, likapasuliwa tena. Sasa halivimbi, lakini pamebaki vitundu viwili vidogo vyatoa majimaji yenye harufu, na suruali ya shule yachafuka mchana kutwa. Daktari asema nywele zimeingia chini ya ngozi na kujifanyia njia humo ndani, yaani sinasi ya pilonidali, na kwamba vidonge peke yake havitaimaliza.

Ametupa njia tatu. Kukatwa na kidonda kuachwa wazi kijijaze kutoka chini. Kukatwa na kushonwa palepale katikati. Au barua ya kwenda Mombasa kwa mpasuaji ambaye huhamisha nyama ya pembeni. Ami yake ataka ashonwe, yaishe. Mimi moyo wangu hautulii. Waliopitia haya na watoto wao wanieleze ipi ina nafuu. Sisemi pesa tu, nasema kukaa darasani, madrasa, na safari.

BabaWaMuyeye (Malindi)

Waaleykum salaam mama, pole sana. Wetu ni msichana. Wavulana ndio wengi lakini wasichana nao hupata, basi mwenye binti asidharau.

Yeye aliachiwa kidonda wazi. Upasuaji wenyewe ni mfupi, kazi yaanza mkifika nyumbani. Kile ni kidonda cha kina, si mkwaruzo. Kila siku shashi ya jana yatolewa, na kabla ya kuivuta huloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali ili isiondoke na nyama mpya. Kisha kidonda huoshwa, ngozi ya pembeni hukaushwa vizuri, shashi mpya yaingizwa kwa kulegea tu. Ukiishindilia wazuia nyama isikue. Nesi alitufundisha kuangalia rangi: nyama nzima ni nyekundu na yang'aa, ikiwa ya kijivu au yenye utelezi na harufu, rudi hospitali siku hiyohiyo. Alituambia pia tuangalie juu kusifunge kabla ya chini, kwa sababu kikifunga hivyo usaha hubaki ndani na mwaanza upya.

Ilituchukua wiki nyingi, muhula karibu wote. Ila tangu kifunge hakijarudi. Swali lako la kwanza mama liwe: nani atakiosha kidonda kila siku, na huyo kijana atakubali aonwe na nani? Binti yetu alikuwa na mamake. Mvulana wa miaka 15 hatamlalia mamake kifudifudi, wala si ukaidi, ni haya.

NesiMstaafu (Barani, Malindi)

Baba wa Muyeye amesema jambo ambalo wodini huwa tunalisahau.

Niongeze upande wa kitabibu. Ugonjwa huu hauletwi na uchafu, na mtoto asiambiwe hivyo hata siku moja. Hutokea baada ya kubalehe, nywele zinapokuwa ngumu. Mfereji ukiwa wa kina, mtu akikaa sana, jasho na msuguano husukuma nywele ndani ya ngozi, na mwili hupambana nazo kwa usaha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani waliugua kwa maelfu, hata mwaka 1944 ukaitwa ugonjwa wa jeep kwa sababu ya kukalia magari yale yenye kurukaruka.

Likiwa limevimba lina usaha, hapo hakuna kuchagua: litapasuliwa litoke usaha, kwa ganzi au nusu kaputi. Antibiotiki huongezwa kama ana homa au wekundu wasambaa. Uamuzi wenu ni wa baadaye, pale ambapo pametulia kama hivi sasa.

Mama, jambo kubwa katika kushonwa ni mshono utakaa wapi. Ukikaa katikati ya mfereji hupona haraka pale mwanzo, lakini ndio unaofumuka na ndio ambao ugonjwa hurudi zaidi. Mahali penyewe pana unyevu, pavutwa kila akiinama, na nywele zote huishia hapo. Ndiyo maana wapasuaji wengi siku hizi huupeleka mshono pembeni na kuufanya mfereji usiwe wa kina. Mbinu moja ni ya Karydakis, daktari wa Ugiriki aliyeieleza mwaka 1973, nyingine ni ya Limberg. Hiyo ndiyo "nyama ya pembeni" aliyokutajia daktari. Kuacha wazi hurudi kidogo kuliko kushona katikati, ila huchukua muda mrefu zaidi kupona. Kwa ufupi, katika hizo tatu, anayoitaka ami yake ndiyo mimi ningeiweka mwisho.

Kuna ya nne hamkutajiwa. Vile vitundu hukatwa kimoja kimoja kwa kifaa cha mviringo, nywele na uchafu wa ndani hutolewa, hakuna kidonda kikubwa, na mtoto hurudi shule baada ya siku chache. Ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko kwa ile ya kuhamisha nyama, lakini ukirudi hamjapoteza kitu, zile nyingine bado zipo. Kwa kijana mwenye vitundu viwili tu, muulizeni mpasuaji kama aifanya.

DerevaTuktuk (Malindi)

Mimi nilikuwa mgonjwa mwenyewe, nikiwa kidato cha tatu. Nilishonwa katikati, hospitali siitaji. Nyuzi zilitolewa vizuri, wazee wakafurahi, kisha siku nimeinama kufunga kiatu nikasikia majimaji. Mshono ulifumuka chini, nikauguza kidonda wazi ambacho sikukichagua.

Baadaye nilifanyiwa ile ya pembeni Mombasa. Niliwekewa mrija wa kutoa majimaji kwa siku kadhaa, na nikakatazwa kukaa kwa muda wa wiki mbili hivi. Kulala ubavu, kusimama, kutembea polepole, basi. Kuswali niliswali nimelala ubavu, dini imempa mgonjwa nafasi hiyo. Kilichokuwa kigumu ni kurudi nyumbani. Nilikuja Malindi nimelala kiti cha nyuma cha gari ya mjomba. Wewe uko Lamu dadangu, basi la kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti, akiwa na mshono mbichi? Usikubali. Mtafutieni mahali pa kukaa Mombasa mpaka nyuzi zitoke.

Na hili hakuna aliyeniambia mapema: ukitoka kwa kinyozi, oga hapohapo. Vile vipande vya nywele za kichwa vilivyokatwa vina ncha kali, huteremka mgongoni mpaka kule chini.

BibiWaShela (Lamu)

Wanangu, sisi zamani majipu tuliyachua kwa majani ya mwarobaini na mafuta ya habasoda, na watu walipona. Kwani lazima kisu?

NesiMstaafu

Shikamoo bibi. Jipu la kawaida la ngozi likiiva hupasuka na kwisha, kwa hiyo ni kweli walipona. Hili lina nywele ndani, na kitu kigeni kikibaki usaha hurudi hata ukipaka nini. Mafuta mazito yakizibia kitundu, usaha hukosa pa kutokea. Ila bibi ana dawa moja ya zamani ambayo naiunga mkono: kukalia maji ya vuguvugu kwenye beseni, kama mzazi aliyejifungua anavyofanya. Hupunguza maumivu na husafisha, mradi pakaushwe kabisa baadaye.

MamaMchanga (Watamu)

Samahanini kuingilia. Mimi mtoto wangu ana wiki tatu, na ana kijishimo palepale juu ya makalio. Hakitoi kitu. Nimesoma haya yote nimejaa hofu. Naye atapasuliwa?

NesiMstaafu

La, mama, tulia. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kijishimo cha kuzaliwa ni kitu cha kawaida kabisa. Mwangalie mchana penye mwanga, umtanue makalio taratibu. Kikiwa kimoja, katikati, kipana chini ya milimita 5, kiko ndani ya sentimita 2.5 kutoka njia ya haja kubwa, na ngozi yake haina kasoro, kwa kawaida hakihitaji kitu ila kuoshwa na kukaushwa. Usiingize pamba, usikijaze poda.

Ukiona kiko juu zaidi ya hapo, au kipana, au kina kishungi cha nywele, alama nyekundu, kinyama kilichoning'inia, au viko viwili, mpeleke apigwe altrasaundi ya uti wa mgongo. Hapo ndipo pa kufanya haraka, kwa sababu picha hiyo huonekana vizuri katika miezi mitatu ya kwanza hivi. Mifupa ikishakomaa altrasaundi haipenyi, itabidi MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ambayo kwa mtoto ni kumlaza kwa dawa na gharama zaidi. Wanachotafuta ni kama uti wa mgongo umenaswa chini. Na kijishimo kikitoa maji, au miguu hailingani nguvu, usingoje kliniki ya chanjo, nenda leo.

MamaMchanga

Nimemwangalia sasa hivi na mamangu. Ni kimoja, kidogo, kiko chini kabisa. Alhamdulillahi. Nitamwonyesha daktari siku ya chanjo hata hivyo.

MamaLangoni

Shukrani nyote, bibi nawe shukran. Nimemsomea kijana mwenyewe, na hili la nani ataosha kidonda ndilo lililomfungua mdomo. Asema hataki kuachiwa wazi kwa sababu hiyo hasa. Ami yake naye, alipofika kwenye maneno ya Dereva wa tuktuk, aliacha neno la kushona katikati. Je, nywele atazitoa vipi baadaye? Nina wembe tu.

NesiMstaafu

Wembe kwa muda mrefu haufai, huacha nywele zenye ncha. Kidonda kikipona kabisa, dawa ya kupaka ya kuondoa nywele, aijaribu kwanza sehemu ndogo. Leza ni bora zaidi kama mtaweza, ikirudiwa mara kadhaa. Ami yake ndiye amsaidie, mpaka ajue mwenyewe kwa kioo. Ugonjwa hupungua sana mtu akipita miaka ya thelathini, kwa hiyo hiyo ni tabia ya miaka, si ya mwezi. Darasani ainuke kila kipindi kikiisha, na ustadhi aelezwe asimkalishe mkekani asubuhi nzima. Na kabla ya kwenda, hakikisheni ameandikwa kama tegemezi kwenye SHA yenu, ile bima ya afya ya serikali, msije mkagundua dirishani.

MamaLangoni

Tumechukua barua. Tutauliza kwanza hiyo ya vitundu, na kama hawaifanyi, basi ya pembeni. Mwenye jamaa Mombasa, kisiwani, anayeweza kutupa chumba cha chini kisicho na ngazi mpaka nyuzi zitoke, aniandikie hapa. Tutalipa.