Uza alikufa kwa kosa la nani? Tujadili 2 Samweli 6

Msomaji wa Torati
Wapendwa, Bwana asifiwe. Daudi anatoka na watu 30,000 kulichukua sanduku la Mungu nyumbani kwa Abinadabu, kilimani. Wanalipakia kwenye gari jipya, Uza na Ahio, wana wa Abinadabu, wanaliongoza, Ahio anatangulia, vinubi na matoazi vinalia. Kwenye uwanja wa kupuria wa Nakoni ng'ombe wanakunguwaa, Uza ananyosha mkono kulishika, anakufa papo hapo. Mtu aliyezuia kitu kitakatifu kisianguke anauawaje? Mimi nasema kosa lilianza pale lilipopakiwa. Karibuni, ila kila mtu aje na mstari.

Mwana wa Kora
Tuanze na sanduku lenyewe. Kutoka 25: mti wa mshita, urefu dhiraa mbili na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu, dhahabu ndani na nje. Pete nne, miti miwili ya kuchukulia imepita ndani yake, na mstari wa 15 unakataza kuichomoa. Mchukuzi anashika mti, hashiki sanduku.

Utaratibu wa safari uko Hesabu 4. Haruni na wanawe wanashusha pazia la sitara na kulifunika sanduku, juu yake ngozi, juu ya ngozi nguo ya samawi. Wakimaliza ndipo Wakohathi, ukoo mmoja wa Walawi, wanaingia kubeba, na wakigusa vitu vitakatifu watakufa (4:15).

Sasa fungua Hesabu 7, ambayo wengi hupita haraka kwa sababu ya orodha zake. Musa ana magari 6 na ng'ombe 12 wa kugawa. Koo nyingine za Walawi zinagawiwa: Wagershoni wanapata magari 2 na ng'ombe 4, Wamerari magari 4 na ng'ombe 8. Wakohathi hawapewi hata gari moja, maana mzigo wao ni wa mabegani (7:9). Ukiwaza ubebaji wenyewe utaona sababu: mchukuzi mmoja akijikwaa, wenzake bado wameishika miti. Gari likiyumba, mtu wa pembeni anarukia sanduku lenyewe.

Tirza
Kaka, kuhusu gari nakubali, lakini hilo linazidisha swali. Gari lilitoka kwa nani? 1 Nyakati 13 Daudi anashauriana na maakida wa maelfu na wa mamia, mkutano wote unaafiki, hakuna aliyemwuliza BWANA. Ilhali kwenye vita na Wafilisti alimwuliza mara mbili (2 Samweli 5:19 na 23). Basi mbona afe Uza, aliyepanga abaki?

Halafu Wafilisti, waliokuwa wameliteka vitani, walilirudisha kwa gari jipya vilevile, likivutwa na ng'ombe wawili wanaonyonyesha (1 Samweli 6), likafika Beth-shemeshi salama.

Baraka
Dada Tirza, Wafilisti hawakupewa Torati. Israeli walipewa, wakaiga njia ya Wafilisti. Na angalia waliokufa Beth-shemeshi: ni Waisraeli waliochungulia sandukuni, tena katika mji wa makuhani (Yoshua 21:16). Uza naye alikulia nyumba moja na sanduku. Alilizoea likawa kama samani.

Tirza
Hapo mwisho umeongeza chako, ndugu yangu. Hakuna mstari unaosema Uza alilizoea. Daudi mwenyewe aliona uchungu kwa kifo hiki (6:8) na Maandiko hayamkemei. Tusimchafue marehemu ili fumbo lipungue uzito.

Msoma Kiebrania
Dada ana hoja. Neno ambalo Biblia yetu inatafsiri "kosa" katika 6:7 ni *shal*, na kwa umbo hilo linaonekana hapo tu katika Agano la Kale lote, kwa hiyo kila mfasiri anakisia. Mwandishi wa Nyakati analiacha, anasema tu alipigwa kwa sababu alinyosha mkono wake (13:10).

Neno lililo wazi zaidi ni *paratz*, kufurika kwa kubomoa. Sura ya 5 Mungu anawafurikia Wafilisti, mahali panaitwa Baal-perasimu, Daudi anashangilia. Sura ya 6 anamfurikia Uza, mahali panaitwa Peresi-uza. Nguvu ni ileile, safari hii imeelekea ndani ya msafara wao.

Msomaji wa Torati
Na neno hilo linarudi mara ya tatu, 1 Nyakati 15:13. Daudi anawaambia Walawi: hamkulichukua ninyi hapo kwanza, Mungu akatufurikia, kwa kuwa hatukumtafuta kama ilivyoagizwa. Hamtaji Uza. Safari ya pili Walawi wanaweka miti mabegani (15:15), na hatua sita tu, anatoa dhabihu (2 Samweli 6:13).

Ndiyo maana naumia nikisikia Uza akihubiriwa ili kuwanyamazisha waumini wanaohoji matumizi ya sadaka, "usiguse sanduku utakufa". Kiongozi ndiye aliyekosea utaratibu, na kiongozi ndiye aliyekiri mbele ya Walawi wake.

Tirza
Amina kwa hilo. Ila bado Daudi alisema "sisi" na aliyezikwa ni mmoja. Pia hakuna aliyegusia Obed-edomu Mgiti: sanduku lilikaa kwake miezi mitatu, nyumba yake ikabarikiwa. Je, ndiye yule Obed-edomu bawabu wa 1 Nyakati 15:18, au ni mgeni kutoka Gathi? Kama ni mgeni, ile hoja ya Torati ya Baraka inabidi irudi mezani.