Kirekodi cha moyo cha Mzee Moshi: mistari inachafuka kufikia siku ya tatu

Kutoka Stuttgart

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mzee wetu anakaa Kibosho, juu ya Moshi mjini. Moyo unamwenda mbio ghafla, kisha unatulia, na kila akifika kliniki unakuta umeshatulia. Tulimnunulia kirekodi cha ECG (umeme wa moyo) cha kuvaa kifuani, chenye nyaya tatu na plasta zake. Siku ya kwanza mistari inasomeka vizuri, kufikia ya tatu ni vurugu tupu. Dada anayemhudumia ni makini, anampangusa kwa spiriti kila asubuhi kabla ya kubandika. Kaka zangu wanasema tuchange tununue mashine kubwa zaidi. Mnashaurije?

Kutoka Moshi

Marahaba, dada, na pole kwa kuuguza kwa mbali. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa mjini. Pesa ya mchango iwekeni kwanza.

Umeme wa moyo ukifika juu ya ngozi unabaki kama milivolti moja tu. Na tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, kavu, zisizopenda kupitisha umeme. Kinachovusha ishara hapo ni jeli yenye chumvi iliyo chini ya plasta, ikigusana na kile kidude cha katikati kilichopakwa fedha na kloridi ya fedha. Jeli ikikauka, hata mashine ya mamilioni itarekodi kelele.

Sasa hiyo spiriti. Nia ni njema, lakini inakausha ngozi, na ngozi kavu ndiyo tunayopigana nayo. Maji na sabuni vinatosha. Amkaushe, kisha asugue mahali hapo kidogo kwa kitambaa kikavu, bila kumchubua. Nywele za kifuani zipunguzwe kwa mashine, si wembe, maana wembe unaacha vidonda vidogo na plasta inakaa juu yake siku nzima. Akibandika akandamize pembeni kuzunguka, asibonyeze katikati, kwani jeli inakimbilia kwenye gundi.

Mzee anapaka nini akitoka kuoga? Nauliza kwa sababu baridi ya Kibosho mwezi wa saba naijua, na wazee wa kule bila mafuta ya mgando wanajiona hawajamaliza kuvaa. Mafuta yakiwa kifuani, gundi haishiki na umeme haupiti. Apake mikono na miguu apendavyo, kifua akiache. Baridi yenyewe nayo inaharibu: mtu akitetemeka misuli inatoa umeme wake, na kirekodi hakijui kuutenganisha na wa moyo. Kwa hiyo plasta zikae karibu na mfupa, penye nyama kidogo, ila msitoke nje ya mchoro uliokuja na kifaa. Kila waya upigwe kitanzi kidogo na kushikizwa kwa plasta ya kawaida, ili akiinama kukata majani ya ng'ombe usivute ngozi. Ngozi ikivutika tu, mstari mzima unapanda na kushuka.

Jasho watu wanalisingizia sana. Jasho kidogo lina chumvi, linasaidia kupitisha umeme. Shida inaanza linapoinua gundi, au linapotiririka kutoka plasta moja hadi nyingine. Asipake poda kulizuia.

Kifaa kilinunuliwa wapi? Kama ni Marekani, fungueni mipangilio muangalie kichujio cha umeme wa ukutani. Kule ni hezi 60, huku TANESCO ni 50. Kikiachwa kwenye 60, mngurumo wa umeme wa nyumbani unaingia wote kwenye mstari, hasa plasta moja ikiwa imelegea kuliko wenzake.

Halafu saa. Mzee akiandika kwenye daftari "saa tatu asubuhi moyo ulikimbia" na kifaa kinafuata saa ya Stuttgart, daktari atatafuta tukio mahali ambapo halipo. Wekeni kifaa kwenye saa za Tanzania, na dada aandike muda kama unavyosomeka kwenye kioo chake, yaani 09:00. Hii imewapotezea watu rekodi nzuri kabisa.

Akizimia, au kifua kikimbana, msisubiri kirekodi. Hospitali moja kwa moja.

Kutoka Arusha

Naongezea upande wa ngozi, maana mama yangu huku Sakina amevaa kwa muda mrefu na gundi ilianza kumwasha. Tulihamisha kila plasta upana wa kidole kimoja tu, tukapiga picha kila badiliko, kwa sababu ukiisogeza mbali umbo la mawimbi nalo linabadilika na daktari anashindwa kulinganisha. Kubandua ni kwa maji ya uvuguvugu, taratibu. Yakitokea malengelenge, toeni na mumwone daktari.

Ila fundi, hapo kwenye mashine sikubaliani nawe kabisa. Kuna zile za kipande kimoja, hazina nyaya, zinakaa hadi siku 14. Kwa mzee anayeingia migombani kila siku si ndiyo afadhali?

Kutoka Moshi

Ni afadhali kwa kuvaa, nakubali. Lakini baadhi yake lazima zirudishwe kwa kampuni kwa posta ndipo zisomwe, kwa hiyo ulizeni hilo kabla ya kulipa. Tumetoka mbali lakini: kirekodi cha kwanza cha kuvaa, cha mvumbuzi Mmarekani Norman Holter, mwaka 1949 kilikuwa begi la mgongoni la kilo kama 38, na wapagazi wetu wa Kilimanjaro mwisho wao ni kilo 20.

Kutoka Stuttgart

Asanteni sana. Nimempigia dada. Mafuta ya mgando ni kweli, kifua kizima. Na pakiti ya plasta iko wazi kwenye droo tangu tulipoituma. Kuna mtu anashuka uwanja wa ndege wa KIA wiki ijayo, nimtume nini?

Kutoka Moshi

Pakiti ndogondogo zilizofungwa, tarehe ya mwisho iwe mbali, aina moja, usichanganye. Moja ikifunguliwa, mdomo ukunjwe na kubanwa, ikae mbali na jiko. Ile ya kwenye droo itupwe.