Nimechomwa mara nne, damu yenyewe ikaharibika: ni mishipa yangu au ni mkono wa aliyenitoa?

Tausi_Mwema ameuliza:

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wenu leo hii, maana kesho asubuhi narudi maabara na moyo haujatulia.

Natumia dawa za presha, huu mwaka wa tatu, na kila baada ya muda daktari ananiandikia kipimo cha figo na chumvi za damu. Juzi aliyenitoa damu alikuwa kijana mpole kabisa, sina ugomvi naye. Alinifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa weee, akasema, "Mama, mishipa yako imejificha." Akaniambia nikunje ngumi nifungue, nikunje nifungue. Akachoma mkono wa kulia, akakosa. Hakuitoa sindano, akawa anaisogeza humo humo ndani, mara kushoto mara kulia, na mpira bado umebana, vidole vyangu vimeanza kufa ganzi. Akahamia mkono wa kushoto, mara mbili, hakupata kitu. Ya nne akachoma nyuma ya kiganja, damu ikaja kwa kusuasua. Alikuwa anatumia bomba la sindano la kawaida. Akalivuta kwa nguvu mpaka nikaona povu juu ya damu, kisha akaisukuma ile damu kwenye vichupa kupitia sindano ile ile, anakandamiza mpaka kucha ya kidole gumba ikawa nyeupe. Kile kidole gumba hakijanitoka machoni.

Jana majibu yametoka: potasiamu 6.3, na pembeni pameandikwa "chembe zimepasuka, rudia kipimo". Mimi macho yangu yaliona 6.3 tu. Nikasoma huku na huku kwamba potasiamu ikipanda sana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuusimamisha. Usiku kucha nimekaa nimeshika kifundo cha mkono nahesabu mapigo. Daktari amenipigia leo, anasema huenda namba hiyo si ya kweli, ila nirudie kesho bila kukosa.

Sasa naomba kujua. Tatizo ni mishipa yangu? Na mtu ameshashika sindano, namwambiaje bila kumkera? Mimi maabarani huwa nanyamaza tu, naogopa akikasirika mkono utakuwa mzito zaidi.

---

Nyuma_ya_Darubini:

Dada Tausi, pole sana kwa usiku huo. Nipo maabara mwaka wa kumi na moja. Mishipa migumu ipo, tunakutana nayo kila siku. Lakini chembe kupasuka, mara nyingi chanzo ni namna damu ilivyotolewa, na uliyoyaeleza karibu yote ni mambo tunayofundishwa kuyaepuka.

Ukielewa hili utalala: chembe nyekundu imebeba potasiamu nyingi sana ndani yake kuliko iliyopo kwenye majimaji ya damu yanayoizunguka. Kipimo chako kinasoma yale majimaji. Chembe zikipasuka njiani, potasiamu yote ya ndani inamwagika, na mashine haijui kwamba imemwagika kwenye kichupa na si mwilini mwako. Sisi tunagundua kwa macho. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu huwa ya manjano. Yako bila shaka yalikuwa mekundu, ndiyo maana wakaandika urudie.

Sasa nini huzipasua? Bomba kuvutwa kwa nguvu kwenye mshipa mwembamba. Damu kusukumwa kupitia sindano kuingia kwenye kichupa, hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kuchokonoa ndani. Spiriti isiyokauka, tena hiyo ndiyo inayowasha watu wakadhani ni sindano. Kichupa kutikiswa badala ya kugeuzwa taratibu. Mpira nao usizidi dakika moja. Mshipa ukichelewa kupatikana unafunguliwa, mkono unapumzika, unafungwa upya. Na lile zoezi la kukunja na kufungua ngumi, kwa kipimo cha potasiamu halifai kabisa, kwa sababu misuli ikifanya kazi hivyo inaipandisha potasiamu yenyewe, hata chembe zisipopasuka.

Kesho kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, isipokuwa kama daktari amekupimia maji. (Wengi wakiambiwa wafunge hawanywi hata maji, wanakuja mishipa imesinyaa. Kufunga kwa ajili ya vipimo ni chakula na vinywaji vingine, maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa.) Mkono uwe na joto. Kabla hajafunga mpira mwambie hivi: "Mwanangu, mishipa yangu ni migumu, juzi damu ilipasuka, naomba sindano ya kipepeo." Ni sindano fupi nyembamba yenye mabawa na mrija, unaiona damu ikiingia kwenye mrija palepale mshipa unapopatikana. Hakuna mtaalamu atakayeudhika. Mimi mtu akinieleza hivyo namshukuru, kwa sababu ananiepusha kumchoma bure.

Akikosa mara mbili, omba mwenzake ajaribu. Sehemu nyingi huo ndio utaratibu, si wewe kumdharau.

---

Mtoto_wa_Pili:

Naongezea kwa niaba ya mama yangu. Alitolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, na daktari wake alisema mkono ule usifungwe mpira wala kuchomwa, maana unaweza kuvimba. Mara ya kwanza nilidhani maabara watajua wenyewe. Watajuaje, na gauni limefunika? Nikageuka nikakuta mpira umeshafungwa upande ule ule. Nilipiga kelele mpaka chumba kizima kikanyamaza. Siku hizi mama mwenyewe akikaa tu anaukunjua mkono wa kushoto na kusema, "Huu hapa, ule mwingine hapana." Mwenye mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya kusafishwa damu kwa mashine naye aseme vilevile. Dada, sema mapema, kabla hata hujakunja nguo.

---

Kijana_Mrefu:

Mimi shida yangu ni kuzimia. Nina kilo tisini, na kichupa cha mililita nne kinaniangusha. Hata si damu iliyotoka, mtu mzima ana lita kama tano. Ni mwili tu unashtuka, mapigo na presha vinashuka kwa pamoja. Niliwahi kuanguka kutoka kwenye kiti nikapasua nyusi, kwa sababu niliona aibu kusema. Sasa nasema nikiingia mlangoni: naomba nitolewe nimelala. Hawajawahi kunikatalia.

Na akikuchoma ukasikia kama umeme umepita mpaka vidoleni, usivumilie. Mwambie atoe hapo hapo, huenda sindano imegusa mshipa wa fahamu.

---

Subira_N:

Tusiwalaumu sana hawa vijana. Foleni ni ndefu na wengine wetu tunawatishia tangu mlangoni.

---

Nyuma_ya_Darubini:

Subira, foleni ni kweli, inachosha. Lakini povu ndani ya bomba halisababishwi na foleni. Dada Tausi, jambo jingine dogo: kichupa cha mfuniko wa zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni chumvi ya potasiamu. Kinatakiwa kijazwe baada ya kile cha kipimo cha potasiamu. Dawa hiyo ikiingia kidogo tu kwenye damu ya kipimo hicho, namba ya potasiamu inapanda na ya kalisi inashuka.

---

Tausi_Mwema:

Nimerudi wapendwa wangu, na nimekaa nianze na nyie kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilimkuta dada wa makamo. Kabla hajagusa mpira nikasema yote kwa mpigo, sauti inatetemeka, nikasahau hata salamu. Akaweka karatasi chini, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jina langu na tarehe ya kuzaliwa, niyataje mwenyewe, akalinganisha na karatasi. Kisha akaangalia mikono yote miwili bila haraka. Kulia akaona michubuko, akauacha. Kushoto alipapasa upande wa nje wa kiwiko, sehemu ambayo yule wa juzi hakuigusa, akafumba macho kabisa huku kidole kinabonyeza na kuachia, kinabonyeza na kuachia. Akasema, "Huu hapa. Hauonekani, lakini unarudi ukiubonyeza."

Alipaka spiriti akasubiri ikauke. Hakuniambia nikunje ngumi. Nilisikia mchomo mmoja, nikaona uzi mwekundu unakimbia kwenye mrija wa kipepeo, na papo hapo akafungua mpira. Mfuniko wa njano kwanza, wa zambarau mwisho, niliangalia! Akavigeuza polepole, akaandika jina langu juu yake nikiwa bado nimekaa pale. Nilipotaka kukunja kiwiko juu ya pamba akanizuia: unyooshe, bonyeza kwa vidole dakika tatu, ukikunja ndipo panapovilia damu.

Majibu yametoka alasiri. Potasiamu 4.4. Nimemtumia daktari, kasema dawa naendelea nazo kama zilivyo.

Nilimwomba yule dada kitu kimoja kabla sijaondoka, akanikubalia. Kwenye kadi yangu ya kliniki, ndani ya jalada, ameandika kwa kalamu ya bluu: "Kipepeo. Mkono wa kushoto, nje ya kiwiko. Usitafute kwa macho, papasa."