Tunaenda Madagaska kama wamisionari: tuanze na nini, na Januari inafaa kusafiri?

Mwalimu wa Nyegezi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kanisa letu la Kilutheri hapa Mwanza limetupitisha mimi na mke wangu kwenda kutumika Madagaska miaka mitatu, eneo la Antsirabe. Mwenyeji wetu ni FLM, yaani Kanisa la Kilutheri la kule. Mimi nitafundisha walimu wa shule ya Jumapili, mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Watoto wana miaka 4 na 9. Kiingereza tunakijua, Kifaransa hapana, Kimalagasi ndiyo kabisa. Barua ya mwaliko imefika, na kwenye harambee tumepata ahadi za shilingi milioni 3 kwa mwezi. Kamati inataka tuondoke Januari. Naomba wenye ujuzi waseme wazi: kipi kianze, na ni kitu gani huwa kinakwamisha watu?

Katibu Misheni

Asifiwe sana, mtumishi. Nianze na Januari: iombeni kamati isogeze hadi mwishoni mwa Aprili au Mei. Januari hadi Machi ndiyo miezi mibaya ya vimbunga huko, barabara zinakatika na malaria inapanda. Wamisionari wa kwanza wa London Missionary Society, David Jones na Thomas Bevan, walifika pwani ya Toamasina mwaka 1818 na wakaleta familia zao karibu na msimu wa mvua. Kati ya watu sita, watano walikufa kwa homa ndani ya miezi michache, akabaki Jones peke yake. Yeye ndiye aliyeanza upya nyanda za juu, Antananarivo, mwaka 1820. Leo dawa zipo, lakini msimu ni uleule. Mkifika Mei mnapata miezi ya ukavu ya kutulia, na huyo wa miaka 9 anapata muda wa kusikia lugha kabla mwaka wao wa shule haujafunguliwa baada ya likizo ndefu ya katikati ya mwaka.

Karatasi. Msiingie kwa viza ya utalii mkitegemea kuibadilisha mkishafika. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu anaomba ubalozini, kabla ya kusafiri, viza maalumu ya mwezi mmoja inayoruhusu kubadilishwa kuwa kibali cha ukazi. Ule mwezi unaanza kuhesabika mkitua, kwa hiyo ofisi ya mwenyeji iwe na faili lenu tayari siku hiyo. Kinachochelewesha faili mara nyingi ni majina. Pasipoti ya mke ina jina la baba yake, cheti cha ndoa kina jina la mume, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandikwa jina la nyumbani. Tandazeni vyeti vyote mezani, vya RITA, vya ndoa, vya shule na pasipoti, mlinganishe herufi kwa herufi. Palipo na tofauti rekebisheni sasa, au mchukue kiapo cha majina kwa wakili. Baada ya hapo ndipo mtafsiri kwa Kifaransa kupitia mtafsiri anayetambulika, na kuthibitisha Wizara ya Mambo ya Nje. Cheti cha tabia njema cha polisi kiwe cha mwisho kuombwa, maana balozi hukataa kilichokaa miezi mingi.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mkataba wa pande tatu: kanisa linalotuma, kanisa linalopokea, na ninyi. Barua ya mwaliko haitoshi. Mkataba useme nani analipa nyumba, nani msimamizi wenu wa kazi, likizo ni lini, gari na fedha za mradi ziko chini ya nani, na nani ana mamlaka ya kuwarudisha nyumbani pakitokea ugonjwa au mgogoro. Kazi ya mama iandikwe kwa jina lake. Akiingia kama mtegemezi wa mume tu, kuja kupata ruhusa ya kufundisha baadaye ni safari nyingine ya karatasi, na wanawake wengi wanaumia hapo.

Mama Afya

Shalom. Mimi nitasema ya afya tu.

Anzeni miezi saba kabla, kwa sababu ya homa ya ini B: dozi tatu, leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Watoto huenda walishapata kliniki, leteni kadi zao. Homa ya manjano ni sindano moja na kadi ya njano. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo asije mtu kuwaambia mrudie kila miaka kumi. Kichaa cha mbwa msikipuuze kwa sababu ya watoto: dozi mbili zikipishana wiki moja, na hata mkichanjwa, aking'atwa bado anaoshwa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Taifodi ichomwe angalau wiki mbili kabla ya safari.

Malaria. Msitegemee kwamba mmekulia Mwanza. Ile kinga ya mtu mzima inapungua akikaa bila kuumwa, na wa miaka 4 hana ya kutosha. Antsirabe iko juu, karibu mita 1,500, maambukizi ni machache, ila mkishuka pwani kwa semina mambo ni tofauti. Kwa safari fupi za pwani muulizeni daktari kuhusu atovakwoni na proguanili: inaanza siku moja au mbili kabla, inaendelea kila siku, na siku 7 baada ya kurudi. Doksisaikilini ni rahisi kwa bei lakini inatakiwa wiki 4 baada ya kurudi, na haifai kwa mjamzito wala huyo mdogo. Dawa ya mstari wa kwanza mliyoizoea hapa ni ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Kule wanatumia zaidi atesuneti na amodiakwini, kwa hiyo msishangae mkipewa vidonge vingine. Mkibeba ALu ya akiba, dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, na vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri. Bebeni na vipimo vya haraka. Ila vipimo vingi vya aina hiyo hubaki vinasoma malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo homa ikirudi mapema msipime kwa kifaa kilekile na kuanza dozi nyingine. Nendeni maabara wakaangalie damu kwa hadubini.

Na kuna tauni. Kule ipo kila mwaka, hasa Septemba hadi Aprili, kwenye nyanda za juu hizohizo mnazokwenda, na mlipuko wa 2017 ulifika mijini. Inabebwa na viroboto wa panya. Homa kali na mtoki unaouma, au homa na kikohozi chenye damu, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, maana inatibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa. Nyumba mtakayopewa iangalieni matundu ya panya kabla ya kuingiza vitanda. Watoto wasiogelee madimbwini na mitoni, kichocho kipo kama ziwani kwetu.

Kabla ya kuondoka: meno yote yatengenezwe, mwenye miwani abebe jozi mbili, kila mtu ajue kundi lake la damu.

Mkalimani Mstaafu

Mtumishi, wenzangu wamesema vizuri, ila linaloharibu utumishi kuliko homa ni kuanza kazi kabla ya lugha. Andikeni kwenye huo mkataba: miezi kumi hadi kumi na miwili ya kwanza ni lugha, bila ratiba ya kufundisha. Kanisa mwenyeji likiona mwalimu amefika litampa darasa wiki ya pili, kwa upendo kabisa, na mkalimani pembeni. Mwaka wa tatu bado atakuwa na mkalimani.

Lugha ipi? Kimalagasi kwanza. Kifaransa cha ofisini jifunzeni hapa kabla ya kuondoka, saa moja kila siku kwa miezi sita inatosha kujaza fomu, kuongea na daktari na kusoma mkataba wa nyumba. Lakini ibada, msiba na soko ni Kimalagasi. Kwa Mswahili kina ugumu wake: kitenzi kinatangulia, halafu anayetendewa, mtendaji anakuja mwishoni. Sisi tuna "sisi" moja, wao wana mbili, *isika* inayomjumlisha unayeongea naye na *izahay* isiyomjumlisha. Ukisimama kuhubiri "sisi tuliookolewa" ukatumia *izahay*, umewatoa wasikilizaji wote nje ya wokovu. Ukiomba, ni kinyume: huwezi kumwambia Mungu *isika tuliotenda dhambi*, maana umemhesabu naye. Sala ya Bwana kwa Kimalagasi inaanza *Rainay*, "Baba yetu" kwa ile "sisi" isiyomjumlisha Mungu, na hapo ndipo pa kujifunzia. Mwalimu awe wa Antsirabe, watoto wacheze nje na wenzao, na jioni mrudie sentensi za siku kwa sauti.

Jueni pia mnakwenda kwenye kanisa la namna gani. Malkia Ranavalona wa Kwanza alipiga marufuku Ukristo 1835, wamisionari wakaondoka, Rasalama akauawa 1837 kwa imani yake, na hadi malkia anafariki 1861 waumini walikuwa wameongezeka bila mmisionari yeyote. Biblia nzima walikuwa nayo kwa lugha yao tangu 1835. Kwa hiyo msifike na sauti ya kuwaletea Injili. Ndani ya FLM mtakutana na *mpiandry*, wachungaji walei waliovaa kanzu nyeupe, wanaoombea wagonjwa na kukemea pepo. Hao ni wa uamsho ulioanzia Soatanana mwaka 1894 kwa Rainisoalambo, na wamewekwa wakfu baada ya mafunzo ya muda mrefu. Mmisionari akiwachukulia kama kikundi cha pembeni, amejifungia mlango.

Miiko, *fady*, inatofautiana kijiji kwa kijiji: huku nguruwe, kule siku fulani hamlimi. Ulizeni mwenyeji kabla ya kwenda, kila mara. Msinyooshe kidole kuelekea kaburi, kikunjeni. Na mkialikwa *famadihana*, ile ya kufunua makaburi na kuwavika wafu sanda mpya miezi ya baridi, msijibu palepale ndiyo wala hapana. Mchungaji wa usharika atawaambia kanisa la pale linasimama wapi.

Mhazini

Ahadi milioni 3 si milioni 3. Ahadi za harambee hupungua, hasa kuanzia mwezi wa sita baada ya kuagwa. Fanyeni hivi: anzeni kukusanya sasa, mkiwa bado mko Mwanza, kwa miezi mitatu mfululizo. Kinachoingia kwa wastani katika miezi hiyo, toeni moja ya kumi tena, hicho ndicho bajeti yenu. Kama ni milioni 2.4, ishini kwa milioni 2.16 au ongezeni wachangiaji. Kumi wa elfu hamsini kila mwezi ni salama kuliko mmoja wa laki tano, akihama kazi mmelala njaa.

Bajeti iwe na vitu ambavyo watu huviacha: ada ya mwalimu wa lugha, vibali vya ukazi kwa watu wanne, michango ya hiari ya NSSF ili uzeeni msiwe mzigo, na pengo la kubadilisha fedha, kwa kuwa mnachangiwa kwa shilingi na mnatumia ariary, fedha ya huko. Nauli ya kurudi ya watu wote wanne ikae akaunti ya pekee, watia saini wawili, isiguswe hata gari likiharibika.

Bima ya afya iwe na uhamisho wa dharura kwa ndege, na msome inawapeleka wapi. Kampuni nyingi kutoka Madagaska hupeleka wagonjwa kisiwa cha Réunion. Kile ni cha Ufaransa, na Mtanzania anahitaji viza. Ombeni kwa maandishi waandike Nairobi.

Laini za simu za benki zisizime. Laini isiyotumika miezi kadhaa hufungwa, na namba za siri za benki zinaingia huko. Wekeni salio na muitumie kila mwezi. Kule mtatumia MVola au Orange Money, pesa za simu kama zetu, hamtapotea. Sokoni tu kuwa macho: ariary ilichukua nafasi ya faranga lakini wauzaji wengi bado wanataja bei kwa faranga, na ariary moja ni faranga tano. Mboga ya "elfu tano" inaweza kuwa ariary elfu moja. Ulizeni ni ipi kabla ya kutoa noti.

Mwalimu wa Nyegezi

Mungu awabariki sana. Kesho napeleka kwa kamati hoja ya Mei na ya mwaka wa lugha. Mawili tu yamebaki: mzigo tubebe nini, na huyu wa darasa la tatu akirudi ataingiaje shule?

Katibu Misheni

Mzigo: Antsirabe Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali, hata umande huganda. Sweta na soksi nzito za watoto bebeni, mablanketi na makoti ya mitumba yapo sokoni huko. Plagi zao ni za pini mbili za duara za Kifaransa, zetu za pini tatu bapa haziingii, basi chukueni adapta nne na soketi moja ya kwetu yenye matundu mengi. Umeme ni 220, vifaa havihitaji transfoma. Vitabu vya kufundishia visiwe vingi, mtatumia vya kwao. Vyeti halisi na dawa ziwe mkoba wa mkononi, dawa kwenye paketi zake pamoja na karatasi ya daktari.

Mtoto: chukueni barua ya uhamisho na ripoti zake za mwisho, na kule ombeni ripoti yenye muhuri kila mwisho wa mwaka, mtunze zote. Bebeni vitabu vya Kiswahili na Hisabati vya darasa la tatu hadi la sita, saa tatu kwa wiki nyumbani. Akirudi bila Kiswahili cha kuandika, mitihani ya shule ya msingi itamtesa, kwa hiyo kama mkataba utaongezwa baada ya miaka mitatu, lizungumzeni hilo na kamati mapema, mwaka mmoja kabla haujaisha.