Marie Dressler: picha inakimbia, na jioni moja tuonyeshe nini?

Pazia_Moshi
Wadau, habari za leo. Kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kinaandaa jioni ya Marie Dressler, mchekeshaji wa zamani wa jukwaa na sinema, kwa vijana wanaojifunza uchekeshaji. Ukumbi uko Pasua, viti 80. Nakala tuliyonayo ya filamu yake bubu, Tillie's Punctured Romance (1914), ina dakika 67. Watu wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki, na Dressler mwenyewe anakunja uso mpaka vijana wanauliza sifa zake zilitoka wapi. Kosa ni la nakala, au ndivyo walivyoigiza? Na zile kadi za maandishi ya Kiingereza tuzifanyeje?

Fundi wa Sakina
Dakika 67 zimeshajibu. Filamu ile ilikuwa mikanda sita. Mkanda uliojaa ni futi 1,000, futi moja ina fremu (picha mojamoja) 16, kwa hiyo sita ni fremu 96,000. Ukizipitisha 24 kwa sekunde, kasi ya filamu za sauti, unapata dakika 66 na ushee. Ukizipitisha 18 unapata 89. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 20, ndiyo maana watu wako wanakimbia.

Fungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, weka kasi 0.75, na zima sauti kabisa, maana muziki uliobandikwa baadaye utaburuzika. Halafu usiamini hesabu peke yake. Tazama kitu kisichoigiza: maji, sketi inavyoshuka mtu akikaa, mpita njia wa nyuma. Vikienda kama kawaida, acha hapo. Vikiwa vizito, panda 0.8. Angalizo: kuna nakala zilizokwisharekebishwa. Hizo ukizipunguza tena, kila anguko linakuwa la mtu anayezama kwenye uji, na kicheko kinakufa.

Bi Jukwaa
Kasi ikikaa sawa, nusu ya lawama juu ya uso wake itaondoka. Nusu iliyobaki ina sababu. Dressler, mzaliwa wa Cobourg, Kanada, alianza jukwaani akiwa binti mdogo, akapata jina New York mwaka 1896 kwa The Lady Slavey. Tillie naye alizaliwa jukwaani, katika Tillie's Nightmare ya 1910: mtumishi wa nyumba ya wapangaji anayeota makuu. Hapakuwa na maikrofoni, na nyusi zilipaswa kumfikia aliyekaa safu ya mwisho. Mack Sennett, mwongozaji wa filamu ile, alipomweka mbele ya kamera, alikuja na uso uleule. Wape vijana kipande kimoja wakiigize mara mbili, mtazamaji akiwa mita 20, kisha mita 2. Wataelewa bila mhadhara.

Kadi: msomaji mmoja pembeni, taa ndogo iangaze karatasi tu, isiguse skrini. Zipeni kadi namba, na kando ya kila namba andikeni tendo linalotangulia, ili asishtukizwe. Kadi ya sekunde tano inabeba maneno kumi hivi ya Kiswahili, yanayozidi yakatwe. Nawasihi, msiigize sauti juu ya matendo kama kwenye banda umiza. Mwili wake unachekesha wenyewe, uachiwe nafasi.

Na kwenye tangazo msiandike "filamu ya Chaplin". Aliyekuwa nyota ni Dressler. Chaplin humo ni laghai anayefuata pesa za Tillie, bila vazi lake la mzururaji, na Mabel Normand ndiye mshirika wake.

Mzee wa Njoro
Mimi ningeanzia mwisho. Dinner at Eight, 1933, dakika ya mwisho kabisa: Jean Harlow anatembea kando yake na kutaja kwamba alikuwa anasoma kitabu. Dressler anasita katikati ya hatua, mwili mzima unagutuka. Basi. Kicheko chote kimo kwenye hatua moja iliyokatika. Rudini hapo 1914, vijana waone mtu yuleyule alivyojifunza kupunguza.

Katikati semeni maneno machache tu. Mwaka 1919 aliongoza chama cha wanakwaya wa jukwaani wakati wa mgomo wa waigizaji, na miaka iliyofuata kazi ziliadimika. Mwandishi Frances Marion ndiye aliyepigania arudi. Mwaka 1930 aliigiza na Greta Garbo katika filamu ya Anna Christie, kisha Min and Bill iliyompa Oscar Novemba 1931, akiwa na miaka 63. Mwaka 1932 na 1933 wenye majumba ya sinema Marekani walimtaja nyota anayeingiza watu kuliko wote. Alifariki Julai 1934.

Dinner at Eight bado ina wenyewe, kwa hiyo msiionyeshe nzima. Ya 1914 haina hakimiliki tena huko Marekani, lakini kuhusu kibali cha kuonyesha hadharani, muoneni mapema afisa utamaduni wa manispaa.

Pazia_Moshi
Asanteni sana. Kwa 0.75 sketi inashuka vizuri. Umeme ukikatika katikati?

Fundi wa Sakina
Laptopu itaendelea kwa betri wakati projekta imezima, kwa hiyo mtu abonyeze kusimamisha papo hapo. Projekta iache taa yake ipoe kabla ya kuwasha tena. Msianzie pale ilipokatika. Rudini kadi moja nyuma. Msomaji ana namba.